Nyasi za Kumnonesha Sungura

Harufu ya ukoka uliokaushwa kivulini ni tamu, inakaribiana na ya majani ya chai pakiti inapofunguliwa, na mimi siipendi. Nikipita barabara ya Kongwa mvua zikiwa zimekatika, watu wakifyeka kando ya njia, hufunga kioo cha gari. Wenzangu hudhani nina mafua, nami nawaacha wadhani hivyo. Harufu hiyo hunirudisha Dodoma, kwenye kota tuliyopanga mwaka nilipokuwa darasa la tano na dada yangu Yunisi darasa la sita. Ndio mwaka ambao shirika alilofanyia kazi baba lilipunguza wafanyakazi na unga wake ukamwagika. Redio haikuchoka kusema soko huria, soko huria, ushindani, ushindani. Baba alikuwa akishinda uani kwenye kiti cha kamba akiisikiliza, na maneno hayo aliyameza bila kutafuna.

Jioni moja alirudi na vitoto viwili vya sungura ndani ya boksi la sabuni. Cha Yunisi kilikuwa cha kijivu, akakiita Meneja. Changu kilikuwa cheupe, masikio yake ukiyashika unayasikia yana joto kama chapati, nikakiita Sukari. Tuliruka kwa furaha. Baba akatuacha turuke tuchoke, kisha akatuketisha chini. "Kila mtu na wake," akasema. "Siku nikitaka kitoweo nitawapapasa mgongo wote wawili. Aliyekonda anaingia chunguni. Aliyenona anabaki, ni wa mwenyewe mpaka afe kwa uzee." Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Baba Yunisi, hawa ni watoto." Baba akamjibu bila kugeuka, "Ndiyo wajifunze mapema. Mimi nilichelewa." Mama akarudi kwenye moto wake, na tangu siku hiyo sikumsikia akilisemea tena jambo lile.

Basi nikajifunza nyasi. Hakuna aliyenifundisha, hofu ilitosha. Nilijua kuwa majani mabichi yenye umande humvimbisha sungura tumbo, na kwamba nyasi zilizokwisha kutoa mbegu huwa ni vijiti tu, anazitafuna kutwa na hanenepi. Nilikwenda kukata ukoka kwenye mtaro chini ya bomba lililovuja, pale ambapo uliendelea kuwa laini hata upepo wa kiangazi ulipokwisha kuipausha nchi nzima. Nilichambua mbigiri moja moja. Sikuuanika juani, maana jua la kwetu huunguza majani yakabaki rangi tu. Niliutandaza chini ya upenu, nikaugeuza asubuhi na jioni. Kabla ya kumpa Sukari nilifikicha konzi moja na kuinusa. Nikipiga chafya, nyasi zina vumbi au ukungu, natupa. Yunisi hakuwa na subira hiyo. Alizoa mabua ya mahindi kwa jirani na nyasi za kando ya gereji, na sungura wake akabaki mbavu na macho.

Dada yangu hakuwa mjinga, alikuwa mvivu tu, na alipoona Meneja anaelekea chunguni alipata akili nyingine. Nilimfuma akimwagia maji fungu langu la nyasi ili lioze. Nikamrukia, nikamng'ata bega, naye akanivuta nywele mpaka zikabaki mkononi mwake. Tulikuwa tumelala kitanda kimoja tangu tuzaliwe. Baba alitazama yote akiwa kitini, akacheka hadi machozi. "Huo sasa ndio ushindani," akasema, na hakutuamulia. Usiku ule Yunisi alilala sakafuni, nami nilifurahi kumsikia akitetemeka kwa baridi. Nilitaka Meneja afe. Nilimwombea afe, nimepiga magoti kabisa.

Mwisho baba akapata mgeni. Alikuwa mkubwa fulani wizarani ambaye, kwa alivyoamini baba, neno lake moja lingemrudisha kazini. Asubuhi ya siku hiyo baba alifungua banda, akapapasa mgongo wa kwanza, akapapasa wa pili, kisha akamtoa Sukari kwa masikio. Nilidhani amekosea. "Baba, huyo ndiye aliyenona," nikamwambia. "Nimeona," akasema. "Mkubwa nimwekee mifupa? Wewe umeshinda, hongera." Nilimshika mguu, akanipangusa kama anayepangusa tope. Yunisi aliambiwa ashike miguu ya nyuma, akaishika. Alikuwa anatabasamu, si kwa kunicheka. Alikuwa haamini bahati yake. Mama alipika nyama ile kwa nazi iliyoletwa kutoka Dar, na nilipolia aliniziba mdomo kwa kanga akininong'oneza kwamba mgeni anasikia.

Mgeni alikuwa mtu wa adabu. Nilimwamkia shikamoo, nikamnawisha mikono, nikasimama na beseni. Baba akamsogezea bakuli, akajisifu, "Sungura huyo, mzee, kalelewa kwa ukoka mtupu!" Mgeni akaurudisha mkono wake. "Samahani sana, bwana. Mimi ni Msabato. Sungura kwetu haliwi." Katika kujikomba kote kule, baba hakuwa amekumbuka kuuliza. Mgeni akala ugali kwa mchicha, akatuombea baraka, akaondoka, na neno lenyewe la kazi halikuja siku ile wala baadaye. Baba akanisukumia bakuli. "Kula. Chakula hakitupwi, na hilo ni jasho lako." Nilikula huku amenisimamia. Nyama ilikuwa laini, haina shombo, na nilijua kwa nini haina.

Siku hizi Dodoma ni jiji, mtaro wangu umemezwa na barabara, na sungura wanauziwa nyasi kwenye mifuko. Yunisi yuko mbali. Tunapigiana simu sikukuu, tunaulizana afya, tunakata. Baba amezeeka na anakaa kwangu. Watoto wangu wanampenda, wanasema babu ni mpole, na kwa kweli amekuwa mpole. Juzi walipokuwa mezani nikamsikia akiwaambia, "Atakayemaliza kwanza nitamnunulia soda." Ni maneno ambayo babu yeyote angeweza kuyasema. Nilitoka jikoni mikono imejaa unga, nikasema kila mtu atapata soda, awahi asiwahi, na nitanunua mimi. Baba akatikisa kichwa, akacheka kile kicheko chake. "Watoto unawalea kijamaa."

"Ndiyo," nikamjibu. "Na wewe utakunywa yako."