Chali Kwenye Lambo la Kwihara

Enzi zetu kijijini Kwihara, bwawa la kuogelea lilikuwa lambo la kunyweshea ng'ombe, maji yake rangi ya chai ya maziwa. Tulikwenda mchana, mama zetu wakiwa kwenye mashamba ya karanga. Jioni mama alinikwaruza mkono kwa ukucha. Ukitokea mstari mweupe, ameshajua nilikuwa lamboni. "Ukifa maji huko, utanitambua," alisema, nami niliamini kabisa. Tukajifunza kujipaka mafuta kabla ya kurudi nyumbani.

Niliogelea chali kwa sababu sikupenda matope machoni. Shida ya chali ni kwamba huoni uendako, na ng'ambo kulikuwa na visiki vya kunipasua kisogo. Kwa hiyo rafiki yangu Zuhura, ambaye hakujua kuogelea hata kidogo, alizunguka lambo mbio, akasimama ng'ambo na kuniita: "Njoo, njoo, njoo, basi." Sikuwahi kugonga kichwa.

Mwalimu wetu wa michezo aliniona, akanitafutia nafasi kwenye timu ya kuogelea Dar es Salaam. Huko kuna kamba ya vibendera juu ya bwawa; ukiiona, unajua ukuta umekaribia. Nikawa bingwa wa taifa wa kuogelea chali. Siku ya kwanza niliposhinda, nilishika ukingo nikalia, na watu wakadhani ni furaha. Nilikuwa namtaka Zuhura pale ukingoni, aniite. Vijana ninaowafundisha leo hawalowi mpaka wapige picha kwanza. Mmoja aliniuliza kama maji ya lambo yalikuwa yakitiwa dawa. Nikamwambia yalikuwa yakitiwa ng'ombe.

Mwaka jana nilikwenda Kwihara kumwona Zuhura. Sasa ni mama wa watoto. Alinipokea kwa mikono miwili, kisha akawaambia wanawe, "Mwamkieni mgeni." Wakaniamkia, nikaitikia marahaba. Nikaletewa kiti, sahani ya peke yangu na kijiko.

"Zuhura, ni mimi," nikamwambia.

"Najua, dada. Karibu chakula."

Kwangu ulikuwa wali kwa kuku. Wao waliketi mkekani kuzunguka sinia moja la ugali na mlenda, wakicheka mambo yao, magoti yamegusana. Zamani ningenawa na kumega bila kuitwa. Siku hiyo nilikaa kwenye kiti changu, nikamla yule kuku hadi mwisho, kwa kuwa alikuwa amechinjwa kwa ajili yangu.