Dege Juu ya Kitanda cha Mtoto

Mkwe wangu wa Riyadh ana mapenzi na ndege za Vita vya Pili vya Dunia, yale madege ya injini nne yaliyokuwa yakiangusha mabomu. Huyaunda kwa vipande vya plastiki na gundi, madogo, unalishika kiganjani. Mimi kusoma nimeishia chuo cha Kurani, lakini jina nikilisikia halinitoki. Basi kila akija kwangu Jeddah, hapa mtaa wa Safa, tunakunywa kahawa huku akinisomesha: Stirling, Halifax, Lancaster, Liberator, Ngome Irukayo.

"Lipi bora, mama?"

"Lancaster. Lina tumbo."

"Tumbo linalo, lakini Ngome ina bunduki kila upande, inakwenda mchana kweupe. Lancaster linajificha kizani."

"Kujificha si ndiyo akili yenyewe? Na Liberator?"

"Hilo linafika mbali. Ila likipigwa halivumilii kama Ngome."

Mwanangu, mkewe, akitucheka. "Mnabishana kama watu wa mpira!"

Alipojifungua, mumewe akayatundika madege yake yote kwa uzi juu ya kitanda cha mtoto, akanionesha kwenye simu. Nikaropokwa, na mwanangu anasikia, "Wee! Umemtundikia mtoto dege?"

Kwetu Unguja dege ni ndege kubwa, na dege pia ni yale maradhi ya mtoto mchanga, anakakamaa, macho yanageuka. Wazee wetu wakisema kapitiwa na ndege. Nilisema kwa mzaha. Nusu mzaha.

Haukupita muda homa ikampanda mtoto, akakakamaa. Daktari akasema ni homa tu, atapoa, na kweli akapoa. Lakini mwanangu aliporudi nyumbani alishika mkasi akakata nyuzi zote. Yakaanguka sakafuni, mabawa huku, mikia kule. Mumewe akayaokota, akahamia kulala sebuleni. Tangu hapo hawasemezani.

Sikuweza kukaa. Nikaenda Riyadh.

Nilimkuta mkwe wangu chini sebuleni anagundisha Halifax, na mwanangu kasimama mlangoni na mtoto begani. Hata buibui sijavua, nikamwambia, "Mwanangu, daktari kasema homa. Neno la dege nimelitoa mimi. Ukitaka wa kumkasirikia, mimi huyu hapa."

"Kwani wewe mwenyewe huamini, mama?"

"Siamini."

Akanitazama sana. Kisha akamgeukia mumewe. "Yatundike basi. Lakini hapahapa sebuleni. Chumbani kwa mtoto, mafi, hakuna."

"Halas, yamekwisha, bibi mkubwa," mumewe akasema, na mwanangu akashindwa kuzuia kicheko. Mkwe wangu akanigeukia mimi: "Mama, hebu nishikie bawa hili."

Nikakaa nikalishika, gundi ipate kukauka. Wao wakaanza kubishana lipi likae karibu na dirisha, maneno yakafuatana, mtoto akapakatwa na baba yake. Mimi nimeinamisha kichwa, nashukuru kimoyomoyo kwamba yale madege hayarudi kule chumbani. Nimemtazama mwanangu machoni nikamwambia siamini, naye kwa neno hilo kamsamehe mumewe.