Mama Lao wa Nangurukuru

Vijana wa stendi ya Nangurukuru, ambao misemo yao hushuka na mabasi ya Dar, walimwita Apolonia Mama Lao. Yaani yeye ndiye wa mbele, wengine wote wanamwiga. Na kweli tulimwiga, hata sisi tunaojidai tuna akili. Akifunga kilemba upande, kesho yake sisi wauza samaki wenzake wote vilemba upande.

Kisha akaanza kutakata. Uso ukawa wa njano, vifundo vya vidole vikabaki vyeusi. Lakini nani ana habari na vidole? Alipoulizwa siri yake alicheka: "Ufuta tu, shoga. Ufuta wa kwetu Rondo." Mwongo mkubwa! Ulikuwa mkorogo, losheni za kuchubua ngozi alizochanganya mwenyewe chumbani.

Mwaka huo Justa, muuza maandazi, alimweka ndani binti yake Marietha achezwe unyago. Kwetu mwali hupakwa mafuta ya ufuta siku zote za ndani, ili akitolewa ang'ae. Justa alitaka mwanawe atoke kama Mama Lao, akaenda kuomba yale mafuta. Apolonia akampa chupa ya ufuta wa kweli. Justa akanusa, akaona amebaniwa. Apolonia alipotoka kwenda stendi, Justa akaingia chumbani mwake akabeba kopo lenyewe la kujipaka.

Apolonia alilikosa kopo jioni ile ile, na alijua limekwenda wapi. Baadaye aliniambia kwamba alifika hadi mlangoni kwa Justa kuwakataza. Akasikia wanawake ndani wanamsifu, akaona haya, akarudi kwake. Nilimchukia aliponiambia hayo, na chuki yenyewe haijanitoka.

Siku ya kumtoa mwali vigelegele vilipanda, kisha vikakatika. Mashavu ya Marietha yalikuwa yamebabuka, yanatoka maji. Justa akasema tumwache, ni mafuta yanafanya kazi. Hapo Apolonia akapiga ukelele katikati ya uwanja.

"Si ufuta! Ni mkorogo! Niliwadanganya, jamani, mwosheni mtoto!"

Hospitali walimtibu, wakasema makovu hayataondoka. Justa hasemi na Apolonia hadi leo. Apolonia ameacha kujipaka, na uso wake sasa una mabaka. Nilidhani hapo ndipo mwisho wa kumwiga.

Juzi Marietha alikuja kwenye meza yetu ya samaki, kanga ameivuta mpaka chini ya macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Apolonia akajibu, macho chini.

"Wenzangu wanasema niliacha mapema. Ningeendelea kupaka, ningetakata kama wewe ulivyokuwa. Naomba mengine, kidogo tu."

Alikuwa amekuja na kikopo chake.