Chupa Kumi na Mbili Juu ya Majivu

Mwaka 1968, nikiwa na miaka kumi na moja, baba yangu alifariki, na wadogo zake wakauza kibanja chetu cha Ijumbi: migomba, mibuni na kaburi lake mwenyewe humo humo. Shule niliishia darasa la tatu. Nikaenda kisiwani Goziba kuanika dagaa. Kibanja kile nilikuja kukikomboa nikiwa na mvi, kwa mikono hii, bila kubebwa na msomi yeyote. Nayasema haya ili ujue nilichokaribia kukipoteza mwaka juzi, wakati wa zile chupa.

Biashara yangu ni pafyumu. Niliijulia Goziba. Mvuvi akitaka kwenda Bukoba mjini hanunui sabuni, ananunua pafyumu, maana sabuni inaondoa uchafu lakini dagaa haondoki. Nilianza kuuza za watu, kisha nikajua kuchanganya mafuta na spiriti mwenyewe, hapa nyumbani Kahororo. Nilikuwa napakia kwenye vichupa vya kuokoteza, nikachoka. Nikapata kiwanda kidogo cha Mwanza, wakakubali kunitengenezea chupa zenye jina langu kwenye kioo chenyewe. Lakini lazima uchukue mzigo mzima, na ukishatengenezwa haurudi. Ili niulipe ilibidi niuze kile kibanja. Mnunuzi alishakuja akakizunguka mara mbili.

Wakanitumia kwanza chupa kumi na mbili. "Mzee, zijaribu kama zinavuja, utupe jibu kabla hatujaanza."

Kujaribu chombo hakuna wa kunifundisha. Baba akinunua kibuyu kipya cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, alikuwa anakijaza maji, anakiziba, anakilaza juu ya majivu yaliyochekechwa. Tone likianguka, hata dogo kama jicho la senene, majivu yanatoboka na unaliona. Nami nikafanya hivyo hivyo. Nikajaza maji, nikazilaza siku tatu. Majivu safi. Nikamwaga maji, nikatia pafyumu yenyewe, nikachora alama ya wino ilipofikia, nikazilaza tena juu ya majivu stoo, chini ya bati, nikafunga mlango.

Siku ya sita nikafungua. Majivu safi, hakuna hata shimo moja. Lakini nilipozisimamisha, pafyumu imeshuka chini ya alama upana wa kidole, chupa zote. Nikakaa juu ya gunia. Kitu kimetoka na hakikupita popote. Nikazihesabu upya, nikatazama alama upya, nikaona labda mimi ndiye niliyekosea kuchora.

Ufunguo wa stoo tulikuwa nao wawili, mimi na mke wa mwanangu, anayefagia humo. Nikasema ni yeye. Tena nitaje ukweli wote: nilitaka awe yeye. Yeye akiwa mwizi, chupa ni nzima, na kesho nampigia mtu wa Mwanza aanze kazi.

Lakini kwetu baba mkwe hamsogelei mke wa mwanawe. Hampi mkono, hapishani naye mlangoni, na maneno yanapitia kwa mtu. Sasa nitamnusaje? Nikamwita mke wangu.

"Nenda ukamnuse mkweo."

"Mimi mbwa?"

"Wewe nenda."

Akaenda jikoni, akarudi amefumba mdomo kama mtu anayezuia kicheko.

"Ananukia."

"Nilisema!"

"Ngoja kwanza. Kuku nao wananukia. Magunia yananukia. Na wewe ndiye unayenukia kuliko wote."

Nikamwona anamtetea. Ila Jumapili kanisani, mzee mwenzangu tunayekaa benchi moja miaka yote akaniinamia, "Mwenzetu, unaoa tena?" Nikanusa mkono wa koti. Kweli tupu. Koti nilikuwa nalitundika stoo, na sijajipaka hata tone. Mahubiri yote yakanipita. Basi mwizi ni mimi?

Jioni ile mke wa mwanangu, ambaye habari zilishamfikia, akasema akiwa nyuma ya ukuta wa jikoni. Alikuwa anamwambia mama mkwe wake, lakini kwa sauti ya kunifikia. Mimi ananiita Tata, yaani baba.

"Mama, muulize Tata, kahawa aliyoiweka guniani msimu uliopita ilipungua kilo ngapi?"

Mke wangu akanigeukia. "Anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie kahawa inakauka, kila mtu anajua."

"Muulize hiyo iliyopungua aliiba nani."

Nimeona ndugu wakishtakiana kwa mwenyekiti wa kijiji kwa kahawa iliyokaukia ndani ya gunia, na mimi ndiye niliyekuwa nawacheka.

"Tena mwambie kila chupa aivike mfuko wa nailoni, aufunge kwa uzi."

Nikazivika. Baada ya siku mbili nikafungua mfuko wa kwanza, harufu ikanipiga machoni hadi machozi. Ndani, mkavu kabisa! Nikafungua kifuniko. Ule mpira wa ndani uliokuwa mgumu umekuwa laini kama ndizi mbivu. Maji hayakuufanya kitu, spiriti imeula. Joto la bati likipanda, pafyumu inatoka kama pumzi. Hivyo ndivyo nilivyoelezwa kutoka nyuma ya ukuta. Mimi pumzi inayopita juu ya majivu bila kuyagusa bado hainiingii akilini.

Nikapiga Mwanza.

"Zinavuja."

"Zimelowesha wapi, mzee?"

"Hakuna palipolowa."

"Sasa zinavujaje?"

"Nikuulize wewe uliyesoma. Msitengeneze."

Mnunuzi wa kibanja nikamwambia asirudi. Kisha nikaenda upande wangu wa ukuta wa jikoni, nikamwambia mke wangu, "Mwambie mkweo nilimkosea."

"Mwambie mwenyewe. Anasikia."

Nikauambia ukuta. Kule ng'ambo sufuria ikafunikwa.

"Tata, kesho stoo nifagie au nisifagie?"

"Fagia."

Leo nina nyumba ya vyumba sita Kahororo. Nina kibanja cha Ijumbi, na hati iko kwa jina langu. Nina meza sokoni, mbuzi wanne, na pikipiki moja inayowaka ikipenda. Chupa zenye jina langu sina.