Elsina, Mwenye Redio ya Lolovatu

Kama umewahi kupanda ndege ndogo pale Lolovatu, kisiwani kwetu, basi umepimwa na Elsina. Hakuna aliyemkwepa. Mchungaji alipimwa, mwalimu mkuu alipimwa, na mbunge aliyekuja kuomba kura alipimwa pamoja na ahadi zake. Bibi mmoja alijaribu kuficha magimbi ndani ya gauni ili yasihesabiwe kuwa mzigo. Elsina akamtazama tu mpaka magimbi yakaanza kutoka, moja baada ya jingine.

Hakuwa mchoyo, wala hakupenda kuaibisha watu. Ndege yenyewe ni kitu kidogo, abiria wa mbele anakaa goti kwa goti na rubani, na ikibeba zaidi ya inavyoweza, ile minazi ya mwisho wa uwanja inakuwa jirani wa karibu mno. Elsina alijua hilo kuliko anavyojua kusuka mkeka. Kwa hiyo alisoma mizani, akataja kilo kwa sauti ya kengele ya kanisa, na Hango msaidizi wake akaandika hukohuko aliko, mara nyingi akiwa katikati ya uwanja anafukuza nguruwe. Watu walishazoea. Mtu akisikia kilo zake zimepanda, anataniwa hadi mkoba wake unaingia ndegeni.

Wapo wanaodhani mama huyu alizaliwa na mizani mkononi. Sivyo. Alikuwa mke wa Aru, msusi wa mikeka kama wanawake wote wa kijiji, na wakati huo Lolovatu haikuwa na uwanja. Ilikuwa na meli, na meli ilikuja ilipotaka. Aru alishikwa na tumbo, wakambeba hadi ufukweni, wakamlaza chini ya turubai. Meli ilitokea, ikapunguza mwendo, nahodha akaona mawimbi yanavyopiga mwamba, akageuza. Elsina alisimama majini hadi kiunoni anapunga khanga yake. Meli haikurudi. Aru alizikwa kesho yake.

Mwingine angelia na kunyamaza. Elsina alilia, kisha hakunyamaza. Alikwenda kila kijiji, akaingia kila jiko, akiwaambia wanawake jambo lilelile: tunataka uwanja. Wanaume walimcheka. "Utaita ndege kwa filimbi, mjane?" Aliwaacha wacheke. Shida yake haikuwa kicheko, shida ilikuwa ardhi. Uwanda pekee ulionyooka ulikuwa mikononi mwa Garae, na Garae ni kaka yake, tumbo moja.

Huko kwingine hiyo ingekuwa nafuu. Kwetu ndiyo ilikuwa kazi. Dada na kaka wakishapevuka hawasemeshani. Dada hamtaji kaka jina, hapiti mbele yake akiwa amekaa, na ole wake atakayegusia mwili wa mwenzake hata kwa utani. Si chuki. Ni heshima iliyo nzito kuliko zote tulizonazo. Ukitaka kumwambia kaka yako jambo, unamwambia shangazi, au unaliambia jiwe akiwa karibu anasikia. Basi Elsina alikuwa hajafungua kinywa kuomba, akaona shangazi yao Zibora anakuja na fimbo yake.

"Kuna mtu kaniambia nimwambie mtu," alisema Zibora, akikaa kizembe mlangoni. "Ardhi ipo. Mje na makapu."

Ndiyo hayo tu. Wanawake wakabeba kokoto za matumbawe kutoka pwani kwa makapu ya makuti, msimu mzima na nusu ya mwingine, hadi uwanda ukawa uwanja. Elsina hakumshukuru kaka yake. Angemshukuru kwa mdomo gani? Alimpelekea mkeka mwekundu, na Garae akaupokea, na ikapita miaka mingi. Watoto wakakua, wakaenda shule kisiwa kikubwa cha Santo kwa ndege, wagonjwa wakaondoka wakarudi wakitembea. Kampuni ikampa Elsina mizani, redio ya kuongea na marubani, na spika ya kufunga kwenye nguzo ili abiria wasikie habari za ndege bila kumjazia kibanda.

Garae naye alisafiri mara mojamoja. Siku hizo kulikuwa na utaratibu unaojulikana: Elsina anakwenda nyuma ya mshelisheli, anawapa mgongo, na Hango ndiye anayepima.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Jumanne moja ndege ilitua mbele ya wingu jeusi, rubani hakuzima hata injini, na Hango alikuwa mbali anagombana na jike la nguruwe. Abiria walipanda mizani mbiombio. Elsina alikuwa ameinama, macho kwenye mshale, hatazami nyuso wala miguu. Akapaza sauti:

"Mia na nne! Wewe umezidi, teremka, punguza magimbi hayo!"

Hakuna aliyecheka. Hakuna hata aliyekohoa. Elsina akainua macho, akamwona kaka yake amesimama juu ya mizani na kapu lake la magimbi, amegeuza uso kuelekea baharini.

Garae aliteremka polepole, akaliacha kapu palepale, akaenda zake. Hakusafiri. Jioni hiyo alirudi na jani la namele, mti wetu wa mwiko, akalisimika mwanzo wa uwanja, pale ndege inapogusia magurudumu. Na jani la namele likishasimama mahali, pamefungwa. Halitolewi na polisi, halitolewi na mchungaji, halitolewi na upepo. Linatolewa na mkono ulioliweka.

Sasa isikilize balaa yenyewe. Msimu ule ndege ilikuwa imesharudi hewani mara mbili bila kutua Lolovatu, mara ya kwanza kwa matope, mara ya pili kwa ng'ombe wa mwalimu. Meneja wa kampuni, mtu wa maneno machache na yote mabaya, alikuwa ameshasema kwenye redio: "Mafuta si maji ya mvua, mama. Ikirudi tena bila kutua, tunaifuta Lolovatu kwenye ratiba." Na safari iliyofuata ilikuwa Ijumaa.

Elsina alifanya kila kinachofanywa. Alitoa mkeka wake bora, mpana, mwekundu kama ini, na nguruwe mwenye jino lililopinda hadi karibu kufunga duara, fidia ya heshima kwetu, akampa shangazi Zibora apeleke. Zibora alikwenda asubuhi, mchana akarudi na mkeka begani na nguruwe kambani, amechoka na amekasirika.

"Kasemaje?" aliuliza Elsina.

"Kasema nguruwe ni mzuri, umrudishe zizini. Kasema yeye hakuibiwa nguruwe. Alitangazwa mchana, kwa sauti, mbele ya watu, na hawezi kulipwa uani kwa mnong'ono." Zibora alitupa kamba chini. "Sasa anataka nini huyu? Umwombe radhi kwa sauti, mbele za watu? Na kumsemesha huruhusiwi! Nyinyi wawili mtaniua kabla ya siku zangu. Tangu utoto, ng'ombe dume wawili zizi moja."

"Ana haki," alisema Elsina.

"Haki yake itatulaza ufukweni tukingoja meli."

Elsina alichukua panga. Akaenda kufyeka nyasi kandokando ya uwanja, bila kuvuka jani. Hango akamfuata, amejaa hatia, maana aliona kama kosa la jike lile la nguruwe ni lake.

"Dada Elsina, uwanja umefungwa. Unamfyekea nani?"

"Mwenye kutua."

"Nani atatua? Sikiliza, usiku mimi nalisogeza lile jani. Kidogo tu. Nitasema ni mbwa."

Elsina alisimama na panga mkononi, na Hango akarudi nyuma hatua kadhaa bila kuambiwa.

"Aru alikufa kwa sababu nahodha alituona si kitu," alisema. "Nisipoheshimu jani la mtu aliyenipa ardhi, mimi na yule nahodha tofauti yetu ni ipi? Chukua panga jingine, ufyeke upande wa pili."

Wakafyeka mpaka uwanja ukawa kama kichwa cha bwana harusi. Watu walipita wakawatazama kama wendawazimu.

Ijumaa ikafika, na watu wote wa Lolovatu wakaja uwanjani kama wanakuja msibani. Wenye safari walibeba mizigo yao kwa aibu, wakaiweka chini mbali na mizani. Garae alikuja pia. Alikaa karibu na jani lake, si mbali na kibanda, amekipa mgongo, mabega yote mawili yakisema hapana.

Elsina aliingia kibandani, akafungua spika kwa sauti ya mwisho. Ikakwaruza, ikakohoa, kisha ikaja sauti ya Molisa, rubani kijana wa kisiwa cha Malo.

"Lolovatu, Lolovatu, nawaona. Uwanja ukoje?"

Angeweza kusema uko wazi. Ndege ingetua, jani lingelala chini ya gurudumu, na ratiba ingebaki. Hango alimwomba kwa macho.

"Umefungwa, rubani," alisema Elsina.

Watu waliguna. Mgongo wa Garae haukutikisika.

"Umefungwa na nini? Ng'ombe tena?"

"Na jani."

 Molisa alikuwa amesoma urubani ng'ambo, lakini alizaliwa Malo, na Malo nako majani husimama. Ndege ikainama juu ya miamba, ikaanza kuzunguka.

"Jani la nani, mama?"

"La mtu nisiyeruhusiwa kumtaja."

"Ahaa." Halafu, taratibu: "Mafuta yangu yanatosha kuzunguka kidogo tu. Kama una neno, niambie mimi."

"Ni wewe ninayekuambia, rubani. Sisemi na mwingine."

"Mimi ndiye nasikiliza, mama. Hakuna mwingine."

Elsina alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Rubani, Jumanne nilikuvunjia heshima."

"Mimi?" Molisa alisahau kidogo. "Jumanne mimi nilikuwa..."

"Nyamaza, kijana!" alifoka Zibora kutoka nje, kana kwamba angani wanamsikia. Watu wakacheka, kisha wakajizuia.

"Nilikupima mbele ya watu," aliendelea Elsina, "nikakutangaza kama gunia la nazi kavu. Macho yangu yalikuwa kwenye mshale, lakini hiyo si sababu. Mdomo wangu umezoea kazi mpaka ukamsahau mtu. Nilikosa mchana, kwa sauti, na sasa ni mchana, na sauti yangu inafika hadi ufukweni. Nimekosa, rubani. Nisamehe."

Ndege ilipita juu yao, kivuli chake kikakata uwanja.

"Na kuna jingine," alisema Elsina. "Nilipokuwa mjane, watu wakinicheka, wewe ulinipa ardhi hii. Hukuniuliza nitaifanyia nini. Sikukuambia ahsante, kwa sababu mdomo wa dada haupewi njia. Nimekaa na ahsante hiyo mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Ndege ikirudi leo, irudi. Jani ni lako, na mimi siligusi. Lakini ahsante yangu sitazikwa nayo. Ahsante, rubani. Ahsante sana."

 Spika ikakwaruza, na Molisa akasema: "Nimepokea, mama. Na... mama, naweza kuzunguka mara moja tu."

Zibora alikuwa analia waziwazi, na kamasi juu. Wanawake waliobeba kokoto walikuwa wanalia. Ndege ikaanza mzunguko wa mwisho. Kisha Garae akaweka mkono kwenye goti, akajiinua, akalishika jani la namele kwenye shina, akaling'oa. Akalitia begani. Alipopita kando ya kibanda hakukitazama. Alimwita Hango, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Hango! Mwambie huyo rubani nimemsikia. Na mwambie ile mia na nne ilikuwa pamoja na magimbi."

Kijiji kizima kililipuka kwa kicheko. Hango alicheka mpaka akakaa chini kwenye majivu ya nyasi walizochoma jana, bado ya moto, akaruka. Garae mwenyewe alikaza uso, ila masikio yalikuwa yanamcheza.

Elsina alifuta macho kwa kiganja. Akatazama kitambaa cha kuonyesha upepo kilivyonyanyuka, akatazama mwisho wa uwanja kama kuna nguruwe, maana kazi ni kazi. Akasogeza kipaza sauti mdomoni.

"Uwanja uko wazi," alisema. "Upepo mwepesi, unatoka baharini. Nyasi fupi. Shuka, kaka yangu."

Garae alisimama palepale na jani begani, ameelekeza uso chini. Molisa, kule juu, alikuwa na umri wa mjukuu wa Elsina.