Mguu wa Kushoto wa Boti ya Mtera

Siku yangu ya kwanza kazini kwenye karakana ya boti pale Uyole, Mbeya, Fundi Mkuu hakuniuliza cheti. Aliniambia nifumbe macho, akanishika mkono na kukipitisha kiganja changu juu ya tumbo la boti lililokuwa limepinduliwa kwenye magogo. "Umesikia nini?" akauliza. Nikasema ni laini tupu. "Rudia," akasema. Nikarudia mpaka kiganja kikaanza kuwasha kwa unga wa fiberglasi, ndipo nikakisikia kibonde kidogo ambacho macho hayakukiona. Nilidhani ananitafutia sababu ya kunicheka mbele ya wenzake. Nikafumbua macho kuwaangalia mmoja mmoja, na hakuna aliyekuwa anacheka.

Nilikuwa nimetoka Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi, nilikokuwa fundi wa zile roli kubwa za chuma zinazozunguka kukausha karatasi. Huko nilijifunza kutoamini kitu kwa sababu tu kinang'aa. Watu huniuliza hadi leo, boti Mbeya, milimani kwenye baridi, zilielea wapi? Na mimi niliuliza hivyohivyo, tena kwa muda mrefu nilishuku kuwa ile karakana ni kichaka cha kufichia biashara nyingine. Kumbe sababu ilikuwa barabara. Malori yanapita mlangoni, Ziwa Nyasa liko chini ukishateremka Tukuyu, na bwawa la Mtera liko huku upande wa Iringa. Hata hivyo niliendelea kuchungulia stoo kila nilipopata nafasi.

Tulitengeneza boti za miguu miwili, zile ambazo wasomi huziita katamarani. Fikiria mitumbwi miwili myembamba iliyosimama sambamba, imeunganishwa kwa sakafu moja juu, na katikati yake kuna handaki la kupitisha hewa. Kila mtumbwi tuliuita mguu. Boti ya namna hiyo ikienda polepole inaelea kama nyingine yoyote. Ikipata kasi inapanda, inaacha kulala ndani ya maji na kuanza kuteleza juu yake, ikigusa kwa sehemu ndogo tu ya tumbo kule nyuma. Hapo ndipo umbo la tumbo linapoamua mambo yote. Tumbo lililochongoka sana linapasua mawimbi kwa upole lakini linakula nguvu ya injini. Tumbo bapa linakimbia, ila mawimbi ya Mtera yatakuvunja kiuno. Kibonde karibu na mkia kinaikandamiza pua, na uvimbe mahali hapohapo unaifanya boti irukeruke kama mbuzi aliyefunguliwa. Sasa wewe kijana uniambie, kazi kama hiyo utampa mtu anayeamini-amini?

Baada ya miaka walinifanya Mkaguzi. Boti haikutoka bila neno langu. Nilikuwa na rula ndefu ya chuma, kiganja, na mdomo wa kuuliza maswali yasiyopendwa. Nilipima baridi ya asubuhi kabla hawajachanganya rezini, ile gundi ya kushikia nyuzi za kioo, maana baridi ya Uyole huifanya ichelewe kukauka, na vijana wakiwa na haraka huutoa mguu kwenye kalibu, lile umbo la kuumwagia, ungali laini, nao unajipinda kwa uzito wake. Nilimshuku muuza rezini kwamba anazimua. Muuzaji huyo, mzee wa Kihindi mwenye duka la vifaa mjini, alinifungulia pipa mbele yangu akanikabidhi kijiti cha kukorogea. "Koroga mwenyewe, Mkaguzi, roho yako itulie," akasema. Nikakoroga. Haikutulia sana.

Dereva wetu wa majaribio aliitwa Ambakisye, Mnyakyusa wa Kyela, kijana mrefu mwenye mikono mitulivu. Huyo alikuja kumposa binti yangu Neema, na kuanzia siku hiyo nikamshuku zaidi ya mapipa yote ya rezini. Zamani tulikuwa tukibishana kwenye karakana kama watu wa kazi. Alipokuwa mkwe akageuka bubu. Sisi Wahehe tuna heshima zetu za ukwe, na kwao Kyela ndiyo usiseme: mkwe hamkodolei macho baba mkwe, haketi naye karibu, wala hampingi neno mbele za watu. Hayo nilikuwa nayajua. Lakini mtu akiinamisha macho kila nikimsemesha, mimi nauliza anaficha nini. Mke wangu alisema anaficha hofu yake kwangu. Sikuridhika na jibu hilo.

Kisha wakanihamishia Iringa. Kampuni ilikuwa imefungua tawi la kumalizia kazi karibu na mjini, kwa ajili ya boti za bwawani. Miguu ilimwagwa Uyole, yaliko makalibu, ikapandishwa lori kupitia Makambako na Mafinga, ikafika Iringa kupakwa rangi na kuunganishwa. Meneja wa Iringa alikuwa mtu wa tai na simu mbili, anayetabasamu kabla hujamaliza swali. Mtu wa namna hiyo, jamani, utamwaminije?

Boti ninayotaka kuwasimulia ilikuwa ya kuvusha wagonjwa Mtera. Vijiji vya ng'ambo vilikuwa mbali na barabara, na mgonjwa aliyepitishwa nchi kavu alichelewa mno kufika kwa daktari. Iliagizwa boti ya miguu miwili yenye injini mbili, iende kasi ya kutosha. Miguu yote nilishaikagua mwenyewe Uyole kabla hawajanihamisha, na kingo zake zilikuwa kali, za kumkwaruza mtu. Lori lilipofika Iringa mimi nilikuwa kwetu Kalenga kwenye msiba, na niliporudi boti ilikuwa imeshapakwa rangi, imeunganishwa na kushushwa bwawani. Meneja akasema imenoga, twende Mtera kesho, wageni wa makabidhiano wanakuja. Nikauliza, "Nani aliikagua baada ya rangi?" Akatabasamu. "Si ulishaikagua Uyole, mzee wangu?"

Tulifika Mtera mapema, kabla ya wageni. Ambakisye alikuwa ameanza kuizungusha boti taratibu karibu na ufuko. Iliwaka rangi nyeupe na mstari mwekundu, ungeweza kuuona uso wako humo. Aliporudi nikamuuliza inakwendaje. Akaangalia vidole vya miguu yake.

"Iko salama, Baba."

"Kasi kubwa umejaribu?"

"Kidogo, Baba."

"Na usukani?"

Akafuta jasho ambalo sikuliona. Kisha akasema, "Kama Baba aliikagua, basi iko sawa."

Hapo nilimkagua macho nikidhani amekunywa. Nilimnusa, naye akarudi nyuma kwa heshima, na hilo likanitia shaka zaidi. Baada ya wageni kufika angetakiwa kuifungulia mafuta yote, aipeleke mbio hadi kwenye maboya na kuikata kona mbele ya watu, wauguzi wakiwa ndani. Mtoto wake na Neema alikuwa hajaanza hata kutambaa. Nikamwambia Meneja boti hiyo haiendi mpaka nilijue tumbo lake.

"Liko ndani ya maji, mzee."

"Basi na mkono wangu utaingia ndani ya maji."

Nikalala kifudifudi kwenye mbao za gati, nikawaambia vibarua wanishike miguu. Mama mmoja aliyekuwa anaparua samaki pembeni akaniangalia bila haraka. "Baba, hapo kuna mamba," akasema. Nikamwambia mamba ni wa kweli kuliko baadhi ya watu ninaofanya nao kazi. Nikaanza na mguu wa kulia. Ukingo wa pembeni ulikuwa mkali vilevile kama nilivyouacha, na kule nyuma tumbo lilikatika ghafla kama ubao uliopigwa msumeno. Nikahamia wa kushoto. Kiganja kikapita, kikapita, na sikukuta kona. Ukingo ulikuwa umezungushwa kama mgongo wa kijiko, pembeni na nyuma kote.

Kwanza nilimkamata dereva wa lori, aliyekuwa amekuja kutazama kama mgeni mwingine. Nikamwambia akiri kwamba aliuangusha mguu njiani akaupeleka gereji ya uchochoroni kuzibwa. Aliapa kwa jina la mama yake. Alisema alisimama Mafinga kunywa chai tu, na turubai halikufunguliwa. Nikamwambia wanaoapa haraka ndio ninaowajua. Kisha nikawageukia mafundi rangi, waliokuja na boti. Hawa walikuwa wawili, wote wametolewa kwenye magereji ya malori pale Iringa barabarani, na kila mmoja alikuwa amepewa mguu wake. Mmoja alikuwa mvivu wa kujulikana, anayelala chini ya gari akisema anakagua. Nikamwendea huyo moja kwa moja.

"Mguu wa kushoto umeufanya nini?"

"Mimi nilikuwa na wa kulia, mzee. Nikapiga rangi nikaondoka."

Wa kushoto alikuwa Fundi Sanga, na nilipomtazama alikuwa amesimama wima, amejaa furaha. "Umeona, Mkaguzi?" akasema. "Ule mguu uliletwa na makona kama bati lililokatwa. Nikasema siwezi kumkabidhi mtu kazi ya namna ile. Nikajaza puti, nikapiga msasa, nikazungusha vizuri, kama bodi ya basi." Miaka yote ya ufundi wake alikuwa akilainisha kona za malori na mabasi, na kwenye gereji fundi anayeacha kona kali haitwi tena. Alinitazama akingoja sifa. Nilimtazama muda mrefu nikitafuta uongo usoni mwake, na sikuupata. Ilinisumbua zaidi kuliko kama ningeupata.

Nikampigia simu Mhandisi aliyeichora ile boti, dada mmoja aliyekuwa ofisi ya Uyole. Nikamwelekezea kamera ya simu huku nikimweleza kile ambacho kiganja kilikisikia. Akasema polepole ili Meneja naye asikie. "Maji yakikuta kona kali yanaachia tumbo. Yakikuta mviringo yanaufuata, yanaung'ang'ania, na kuuvuta mguu chini. Kwa mwendo mdogo utaona usukani unavuta kushoto. Kwa kasi kubwa mguu wa kulia utateleza na wa kushoto utashikwa. Dereva akikata kona ya kushoto hapo, boti itapinduka. Msiiendeshe."

Meneja alikuwa ameshaona magari ya wageni yakishuka. Hakuwa anatabasamu tena. Akasema basi iendeshwe nusu mwendo, ikate kona ya kulia tu, nani atajua? Nikamwambia wewe na mimi tumeshajua. Akasema haya, dereva ndiye atuambie, yeye ndiye ameiendesha, na hajalalamika.

Wote tukamgeukia Ambakisye. Aliinamisha kichwa. Sasa ndipo nilipouelewa ule ukimya wake, na nikaogopa kama sijawahi kuogopa mbele ya chombo chochote. Kijana huyu alikuwa amejua tangu asubuhi. Alikuwa tayari kupanda boti inayomvuta pembeni, awapakie wauguzi na kuikimbiza, kuliko kusema mbele za watu kwamba kazi ya baba mkwe wake ina kasoro.

Nikamsogelea karibu kuliko inavyofaa, nikamshika bega. "Ambakisye, niangalie usoni. Hapa mimi si Baba. Hapa mimi ni Mkaguzi, na wewe ni dereva. Boti inafanya nini?"

Akaniangalia, kwa mara ya kwanza tangu alipooa. "Inavuta kushoto, Mkaguzi," akasema. "Inavuta vibaya. Nilipoongeza mafuta ililala upande, nikadhani inaniua."

Hakuna aliyesema nusu mwendo tena. Wageni waliambiwa ukweli, wakakasirika, wakanywa soda zao wakaondoka. Boti ikavutwa nchi kavu. Fundi Sanga alitaka kwenda nyumbani, nikamkatalia. Nikamkalisha, nikampa tupa, na Mhandisi akamwonyesha kwa simu mahali pa kukata puti na namna ya kujenga kona upya kwa rezini. Aliifanya kazi hiyo vizuri kuliko yeyote ambaye ningemwita. Ilipokauka nikaipitishia kiganja huku nimefumba macho. Kisha boti ikarudishwa majini, Ambakisye akaingia, nami nikaingia, maana sikuwa tayari kusadiki simu wala tupa. Akafungua mafuta yote. Boti ikapanda juu ya maji, ikanyooka. Akaikata kona ya kushoto kwa kasi mpaka nikashika chuma kwa mikono yote miwili, na miguu yote ikakaa chini yetu sawasawa.

Sasa nimestaafu, naishi Iringa. Nyie vijana mmekuja na mashine za kupimia tumbo kwa mwanga, na kompyuta zinazoyachora maji kabla boti haijatengenezwa. Ni vizuri. Lakini bado nasema mtu asiipeleke boti majini kwa kuamini kwamba mwenzake alishaangalia, na aliyeishika ikiwa uchi aishike tena ikishavaa rangi. Mkiniita mzee wa mashaka, mniite tu.

Ile boti ingali inavusha wagonjwa, na Ambakisye ndiye nahodha wake. Akija nyumbani kwangu huketi mbali na kula kimya. Nikienda Mtera ananikodolea macho mbele za watu na kuniambia, Mkaguzi, hapa ulipima vibaya, hapa si sawa, njoo uone. Ndugu zangu wa Kalenga waliomsikia wanasema nimemharibu mkwe, hana adabu. Nawaambia mwacheni hivyohivyo. Yule mwenye adabu ningekuwa nimeshamzika.