Nilichapisha Daftari la Siri la Mwikali

Mwenye ukurasa, naomba jina langu libaki kwako. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Mwala, mhitimu wa sayansi ya kompyuta. Nimesoma sana, na tangu utotoni sikubali kushindwa katika hoja. Safari hii nilishinda, na ushindi huo unaniangamiza.

Tangu nihitimu sijapata kazi. Hushinda katika saiba moja ya intaneti mjini Tala, inayohudumiwa na Mwikali, dada mpole aliyeniachia kompyuta ya pembeni ili niandike makala yangu. Wateja wake wengi ni wakulima na kina mama wanaoandikiana na watoto walio ng'ambo. Kwa kuwa husahau maneno yao ya siri, Mwikali huwaandikia katika daftari alilolifunika kwa gazeti: jina, anwani ya barua pepe, neno la siri. Mteja akifika, humfungulia barua na kumsomea.

Daftari hilo ndilo lililobeba makala yangu. Nilidai kwamba mitandao ya kesho, hata ikilindwa namna gani, itavunjwa kupitia watu wanaoaminiana hivi. Mwikali aliniruhusu kulipitia; nikamwahidi kwamba hakuna jina litakalotoka. Kisha waandaaji wa kongamano la mitandao na usalama wa kompyuta, linalofanyika Nairobi Alhamisi hii, wakaniandikia kwamba makala ni nzuri ila ushahidi wangu unaonekana kuwa wa kubuni. Mimi, kuitwa mwongo! Mwikali alipotoka kununua chai, nililipiga skani daftari lake, nikawatumia kurasa mbili bila kufunika herufi hata moja. Makala ikakubaliwa.

Ijumaa iliyopita nilipokea kitabu cha kongamano posta, nikampelekea Mwikali kwa majivuno.

"Injinia! Sasa umekuwa mtu wa vitabu," alicheka. "Hata mimi niko ndani?"

Akafunua kurasa kabla yangu. Kicheko kikakatika.

"Hii si mwandiko yangu?"

Nikaanza kumweleza kuhusu wahakiki na uzito wa ushahidi katika taaluma.

"Wacha maneno mingi. Watu wangapi wako na hii kitabu?"

"Washiriki wote wametumiwa."

Akaweka kidole kwenye mstari wa tatu. "Na huyu ni mwaitu, mama yako mwenyewe. Umeona paswadi yake?"

Sikuwa nimeiona. Nilihesabu mistari, sikusoma watu. Mama, ambaye humwandikia dada yangu aliye ng'ambo, alichagua jina langu.

Nilimwambia Mwikali kwamba ninaweza kuingia katika barua zao zote na kuyabadilisha maneno ya siri papo hapo, wala wasijue. Alilikumbatia daftari.

"Hapo sasa utakuwa mwizi kabisa. Wewe ndio utawaambia, mmoja mmoja. Uanzie kwenu."

Leo ni Jumanne na sijamwambia yeyote. Nikisema, mwenye saiba, ambaye hajui kwamba daftari lipo, atamfukuza Mwikali. Nikinyamaza, barua za watu hao zitabaki wazi kwa yeyote aliye na kitabu. Nikijiondoa kongamanoni, sijui kama nitaitwa tena popote.

Jana mama alinipigia pasi shati la Alhamisi. Akauliza nitazungumza kuhusu nini huko Nairobi.

"Kuhusu watu wanaoamini wengine ovyo," nikamjibu.

"Basi uwasaidie, mwanangu," akasema, akanishika kichwa na kuniombea.

Kesho atakuja Tala, asomewe barua ya dada. Mwikali ameapa kwamba hatamfungulia mpaka mimi niwe nimeketi kando yake na kusema. Nimebishana na wahadhiri wakanyamaza, lakini sentensi ya kwanza ya kumwambia mama sina. Enyi mnaosoma haya, nishaurini kabla ya asubuhi: nifanye nini, na nianzie wapi?